Penseli ya Kirby, wino wako

Chukua fremu moja tu ya katuni: ngumi inayomjia msomaji usoni. Jack Kirby, mchoraji wa katuni wa Marekani, alizichora nyingi maishani mwake. Ncha za vidole zimekatwa mraba kama matofali, kidole gumba kimelala juu yake, na nyuma ya ngumi mkono unasinyaa kwa haraka mpaka bega linabaki dogo kama la mtoto. Kwa penseli, kila kitu kipo. Mara ya kwanza nilipopitisha wino juu ya ngumi kama hiyo, nilifuata kila mstari kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutumia kwenye mchoro wangu mwenyewe. Nilipofuta penseli, ngumi ilikuwa imekufa. Vidole vilikuwa mahali pake, makunyanzi mahali pake, lakini kilichobaki karatasini kilifanana na waya uliokunjwa. Uzito wa pigo ulikuwa umeondoka.

Uzito huo ulikwenda wapi, ikiwa mistari yote niliifuata? Ndilo swali linalowasumbua wengi wanaojifunza kuchora kwa wino kwa kupita juu ya penseli za bingwa. Wengine hawafiki hata hapo, kwa sababu wameambiwa kwamba kufuatisha mchoro wa mtu ni kudanganya. Ni mafundo mawili, na yanafunguka kwa kamba moja: kujua mtia wino hufanya nini hasa.

Tuanze na kiwanda, maana ndiko kazi hii ilikozaliwa. Katuni za Marekani za karne iliyopita zilichapwa kwa bei ya chini, kwenye karatasi hafifu kama ya gazeti inayonyonya wino. Ukurasa uliochorwa ulipigwa picha kwa filamu inayotambua vitu viwili tu, cheusi na cheupe. Penseli ni kijivu, na kijivu mbele ya filamu hiyo hakina pa kukaa: ama kinapotea, ama kinageuka doa. Kwa hiyo ilibidi mtu achukue penseli yote, na mashaka yake yote, aigeuze kuwa weusi kamili. Ukurasa wenyewe ulichorwa mkubwa kuliko kitabu. Hadi mwaka 1967 hivi, wachoraji wa Marvel, kampuni ya katuni, walifanya kazi kwenye eneo la takriban sentimeta 32 kwa 47, kisha likapunguzwa kuwa 25 kwa 38, na msomaji alipata ukurasa usiozidi sana sentimeta 15 kwa 23. Mstari mwembamba mno ulifia njiani. Mistari ya kivuli iliyobanana mno iliungana ikawa tope.

Kwa kuwa vitabu vilitoka kila mwezi, kazi iligawanywa. Mmoja alichora kwa penseli, mwingine akatia wino, mwingine akaandika maneno, mwingine akapanga rangi. Ndipo likazaliwa lile dharau kwamba mtia wino ni mtu wa kufuatisha tu.

Dharau hilo linajibiwa na kitabu kimoja. Fantastic Four, katuni ya Marvel, kilianza mwaka 1961, na Kirby alikichora kwa penseli mfululizo mpaka alipoondoka Marvel mwaka 1970. Waliotia wino walibadilika. Toleo la 5, la mwaka 1962, lilitiwa wino na Joe Sinnott. Toleo la 6 hadi la 20 lilikuwa mikononi mwa Dick Ayers. Akafuata George Roussos, kisha Chic Stone kuanzia toleo la 28 hadi la 38, kisha Vince Colletta toleo la 40 hadi la 43, halafu Sinnott akarudi kwenye toleo la 44, mwaka 1965, na safari hii akakaa. Mchoraji yule yule, wahusika wale wale, lakini ukiyapanga matoleo hayo mezani utadhani ni watu watano tofauti wamechora. Kwa Ayers, brashi ni nzito na ina ukwaru kidogo, watu wanaonekana wametoka kazini. Roussos anamwaga weusi mpaka kurasa zinafanana na usiku. Stone anazungushia kila mwili mstari mnene wa nje, na umbo linasimama mbele ya mandhari kama limekatwa kwa mkasi. Colletta anatumia kalamu nyembamba na michirizi mingi midogo, na mwamba wa Kirby unalainika ukawa kitambaa. Sinnott anasafisha: chuma kinang'aa, mashine ina kingo, na pua ya mtu inajua mwanga unatoka upande gani. Alifanya kazi hiyo nyumbani kwake Saugerties, katika jimbo la New York, kurasa zikija na kwenda kwa posta. Hapakuwa na Kirby pembeni wa kumwambia mstari huu uwe mnene na huu mwembamba. Alijiamulia mwenyewe.

Kama kutia wino kungekuwa kufuatisha, tofauti hizo zisingekuwepo.

Sasa tuirudie ngumi. Mstari wa penseli unasema jambo linapita wapi. Hausemi lina uzito gani. Mara nyingi hauna hata uhakika na hapo linapopita, kwa sababu mstari mmoja wa penseli ukiutazama kwa karibu ni mistari mitatu au minne iliyolaliana, na mwenye wino lazima achague mmoja. Mchoraji aliye hai anayajaza hayo kichwani anapotazama: anaona ngumi iko karibu na bega liko mbali, anaona chini ya vidole pana giza. Wino haujui hayo mpaka uambiwe. Na njia ya kuuambia ni unene. Mstari wa chini ya kidole, kule kwenye kivuli, unanenepa. Wa juu, kule kwenye mwanga, unakondeka, pengine unakatika kabisa na jicho linaumalizia. Kilicho mbele kinapata mstari mzito kuliko kilicho nyuma. Pale kidole kimoja kinapopita mbele ya kingine, mstari wa kile cha mbele unashika, na wa kile cha nyuma unaishia kabla ya kugusa. Mimi niliifuata mistari yote kwa unene mmoja, nikavipa bega na ngumi uzito sawa. Nilifuata ramani bila kuangalia milima.

Hapo ndipo faida ya zoezi hili inapoonekana. Anayeanza kuchora kwa wino juu ya mchoro wake mwenyewe anapambana na mambo mawili kwa wakati mmoja: hajui kama mkono aliouchora umekaa sawa, na hajui mstari wake uwe mnene wapi. Matokeo yakiwa mabaya, hajui alaumu nini. Akichukua penseli za bingwa, nusu ya mtihani imeshajibiwa. Umbo ni sahihi. Kikiharibika kitu, ni wino. Wanafunzi wa kuchonga milango Lamu hawakuanza kwa kubuni nakshi. Fundi alichora ua juu ya ubao, mwanafunzi akalifuata kwa patasi, na huko ndiko mkono wake ulikojifunza mbao zinakubali nini na zinakataa nini. Hakuna aliyemwita mwizi. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika kitabu cha mafunzo ya uchoraji karibu mwaka 1400, aliwaeleza wanafunzi hata namna ya kutengeneza karatasi inayoonyesha chini ili wafuatishe kazi za mabingwa.

Marvel yenyewe ilitoa mwaka 1983 kitabu cha majaribio kwa watu waliotaka kazi, chenye kurasa za penseli za John Romita Jr. zilizochapwa kwa bluu nyepesi ili anayetaka kuwa mtia wino apite juu yake. Mark Bagley aliingia kwenye kazi ya katuni kwa kushinda mashindano ya kitabu hicho, upande wa penseli. Kwa maneno mengine, zoezi hili ndilo lililokuwa mlango wa ofisi.

Kwa nini Kirby, na si mwingine? Kuna sababu ya kawaida kabisa: kuanzia miaka ya 1970 alikuwa akihifadhi fotokopi za penseli zake kabla hazijaenda kutiwa wino, na nyingi zimechapishwa baadaye. Kwa wachoraji wengi wa zama zake penseli haipo tena, ilifutwa siku wino ulipokauka. Sababu ya pili ni kwamba penseli yake imekamilika. Ameonyesha weusi uwe wapi, ameweka ile michirizi ya kuvunjikavunjika inayofanya chuma kimetemete, amepanga madoa meusi ya duara yanayoonyesha nguvu ikilipuka angani. Anayeanza anahitaji penseli inayosema wazi. Penseli ya mchoraji anayeacha nusu ya mambo hewani ni nzuri pia, lakini hiyo ni ya mwaka wa pili.

Namna ya kuandaa ukurasa ni rahisi. Ile filamu ya kiwandani ilikuwa na udhaifu mmoja uliogeuka msaada: haikuona bluu nyepesi. Wachoraji waliitumia penseli ya bluu kwa mambo ambayo hayakutakiwa kuchapwa. Leo unafanya hivyo hivyo kwa kompyuta. Pata nakala safi ya ukurasa wa penseli, ifungue kwenye programu ya picha, igeuze kijivu chote kuwa bluu iliyofifia, kisha ichape kwenye karatasi nene laini. Chapa ukubwa wa A3 kama unaweza. Mkono unahitaji nafasi, na kosa dogo kwenye A3 hupotea ukurasa ukipunguzwa, wakati kwenye A4 linabaki likikutazama. Manila nzuri isiyo na manyoya inafaa. Ijaribu kwanza pembeni kwa tone moja, ukiona wino unasambaa kama mizizi, tafuta nyingine. Printa ya leza huacha utando kidogo ambao wino hupenda kuukimbia, kwa hiyo chapa kwa bluu hafifu iwezekanavyo. Kama huna printa, weka karatasi juu ya nakala, bandika zote kwenye kioo cha dirisha mchana, na ufuatishe kwa penseli nyepesi. Ukimaliza wino na kuskani, bluu inaondolewa kwa kubofya mara moja.

Wino uwe ule mweusi wa kuchorea, wenye masizi ndani yake, usiotoka ukishakauka. Wino wa kalamu za shule ni maji yenye rangi. Unaonekana mweusi ukiwa mbichi, ukikauka unakuwa kijivu, na ukipaka nyeupe juu yake kurekebisha kosa unapenya ukatokeza tena. Lakini ule wa masizi usiutie kwenye kalamu ya tangi, utaganda ndani na kalamu hutaipata tena.

Kalamu za kuchovya zenye nibu laini, yaani ncha ya chuma, ni adimu madukani kwetu. Brashi ndogo, namba 2 au 3, inatosha na pengine ni mwalimu mkali zaidi. Sharti ni moja: ukiilowesha na kuikung'uta, nywele zirudi zenyewe kuwa ncha moja. Isiporudi, iache dukani. Ichovye mpaka katikati ya nywele, si mpaka kwenye chuma, kisha iburute pembeni mwa kichupa huku unaizungusha mpaka ncha itokeze. Ukiwa na nibu, kumbuka ina miguu miwili inayofunguka unapoikandamiza, na inafunguka vizuri pale tu unapoivuta kukujia. Ukiisukuma mbele inachimba karatasi na kurusha matone. Ndiyo maana watia wino huizungusha karatasi wakati wote badala ya kuuzungusha mkono.

Anza na zile ngumi. Kabla ya kugusa karatasi, pitisha brashi hewani juu ya mstari mara mbili tatu, mpaka bega lijue safari inaanzia wapi na kuishia wapi. Kisha shuka. Mstari wa nje wa kidole huanza na ncha pekee, mkono unakandamiza polepole unapoingia upande wa kivuli, halafu unanyanyuka ukiwa bado unatembea. Wanaoanza husimama kwanza ndipo wakanyanyua, na mwisho wa mstari unapata kichwa kama cha kiberiti. Mstari mzuri unaisha kama unyoya. Michirizi ya kivuli kwenye mkono ni mistari hiyo hiyo ya unyoya, mizizi yake ikiwa imeshikana ndani ya weusi na ncha zake zikielekea kwenye mwanga, na kila mmoja umejipinda kufuata mviringo wa msuli. Ukiinyoosha kama rula, msuli unakuwa ubapa.

Weusi mkubwa uweke mapema. Najua wengi huuacha mwishoni kwa kuogopa kuchafua. Lakini ukiuweka mapema unaona mapema kama ukurasa unasimama: kaa mbali, kodoa macho mpaka kila kitu kififie, na uangalie kama bado unatambua nani yuko wapi. Ukishaona mahali palipo na mzigo wa weusi, unajua pia ni mistari gani haina haja ya kuwa minene.

Sasa sheria ambayo mimi naishikilia kuliko zote: usiangalie ukurasa uliochapishwa kabla hujamaliza wa kwako. Ukiuona kwanza, utakuwa unamfuatisha Sinnott badala ya kumsoma Kirby, na huko kweli ni kufuatisha. Maliza, uache ukauke, ndipo ufungue kitabu uviweke pamoja. Dakika kumi za hapo zinafundisha kuliko saa tatu za kabla yake. Utaona mahali ulipoweka michirizi ishirini mwenzako ameweka doa moja jeusi. Utaona mstari ulioufunga ameuacha wazi. Andika pembeni kwa penseli mambo matatu tu uliyoyaona, halafu itie wino fremu ile ile tena, kwenye nakala mpya.

Mara ya tatu, badilisha nia. Mwaka 1971 Kirby, ambaye sasa alikuwa akiishi California na kuifanyia kazi DC, kampuni nyingine ya katuni, alipata mtia wino mpya, Mike Royer, ambaye msimamo wake ulikuwa kubakiza kilichomo kwenye penseli, pamoja na ukali wake na ugumu wake. Kabla yake kurasa hizo zilikuwa kwa Colletta, ambaye nakala za penseli zilizohifadhiwa zinaonyesha kwamba alifuta watu wa nyuma na kurahisisha majengo ili kazi iishe. Ni haki kusema pia kwamba Colletta ndiye aliyeitwa kurasa zilipochelewa, na kitabu kisichofika kwa mchapaji kwa wakati kiligharimu fedha. Hata hivyo, mimi nikiona jengo lenye madirisha arobaini kwenye penseli na ukuta mtupu kwenye chapa, huwa naumia. Tia wino fremu moja kwa uaminifu wa Royer, usiongeze wala usipunguze. Kisha itie kwa ujasiri wa Sinnott, ukiipa mwanga na mng'ao ambao penseli iliudokeza tu. Ukiweza kutoka kwenye mmoja kwenda kwa mwingine kwa makusudi, mkono umeanza kuwa wako.

Cennini alionya dhidi ya kubadilisha mabingwa: leo huyu, kesho yule, mwishowe hupati mtindo wa yeyote. Kwa miezi ya mwanzo namkubalia. Baadaye hapana, kwa sababu mazoea ya Kirby ni mazoea ya Kirby. Hergé, Mbelgiji aliyemchora Tintin, alijenga katuni nzima kwa mstari wa unene mmoja bila michirizi ya kivuli, na watu wake wana uzito na nyumba zake zina umbali. Kwake kazi ambayo Sinnott aliifanya kwa unene inafanywa na rangi, nafasi na usafi wa umbo. Anayefikiri mnene na mwembamba ni sheria ya dunia atajikwaa hapo, na ni vizuri ajikwae.

Kuhusu kuchora kwenye tableti sina mengi. Kanuni ni zile zile. Ila kitufe cha kurudisha nyuma kinakuondolea ile sekunde ya kuvuta pumzi kabla ya kushusha brashi, na sekunde hiyo ndiyo ninayoitafuta kwenye zoezi hili. Fanya kurasa chache kwenye karatasi kwanza.

Ukurasa ukiwa mzuri utataka kuuonyesha watu. Onyesha, na uandike chini yake jina la Kirby kwenye penseli na lako kwenye wino, kama watia wino wanavyofanya. Kuuza ni jambo lingine: wahusika wana wenyewe, na mazoezi hayakupi haki juu yao.

Kuna kitu zoezi hili halifundishi, nacho ni kuchora. Nimewaona watu waliotia wino kurasa nyingi za mabingwa, mstari wao ukawa mtamu kama wa kitabu, na bado hawawezi kusimamisha mtu kwenye miguu miwili. Kwa hiyo baada ya kila kurasa nne au tano za Kirby, nenda kwenye zako. Chora ngumi yako kwa penseli, iweke kabatini usiku mmoja, na asubuhi itie wino kana kwamba imetumwa kwa posta na mtu usiyemjua. Utafika kwenye kidole cha tatu, utasimamisha brashi, na utatafuta kwenye penseli mwanga unatoka wapi. Kama hukuuweka, chukua kifutio, rudi mwanzo, na safari hii uuweke.